Mara Tatu kwa Mashine Ile Ile

Pale gazetini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka bosi mwenyewe, wote walimwita Sikio, naye hakuchukia. Kusema kweli alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na sita aliandika safu ya muziki, kila Ijumaa, ukurasa wa kumi na mbili, chini ya kichwa kisichobadilika: "Mara Tatu." Maana yake kila msomaji aliijua. Sikio hakuandika neno juu ya kaseti yoyote mpaka awe ameisikiliza mara tatu, mwanzo hadi mwisho, bila kula, bila kuvuta sigara, bila kuzungumza na mtu. Mara ya kwanza alisikiliza sauti, mara ya pili alisikiliza vyombo, na mara ya tatu, kama alivyopenda kusema, alisikiliza uongo.

Alikuwa na sharti jingine: hakwenda kumwona mwimbaji akiimba, hata abembelezwe vipi. Ukumbi, taa, nguo za kumetameta, mashabiki wanaopiga kelele, vyote hivyo kwake vilikuwa rushwa. "Nikimwona mtu anatabasamu nitamwonea huruma," aliwaambia wenzake, "na huruma haisahihishi noti." Kwa hiyo wasanii waliacha kaseti zao mapokezi, zikapandishwa ghorofa ya pili, naye akajifungia nazo katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya karatasi. Humo mlikuwa na kiti kimoja, meza moja, na redio ya kaseti ya ofisi, mashine nyeusi yenye spika mbili na mpini uliofungwa kwa waya. Dirisha halikuwepo. Alijivunia chumba kile kama mtu anavyojivunia nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, maana humo, aliamini, kila msanii alipata haki sawa na mwenzake.

Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Aliwalea watoto wake vizuri, hakumpigia mkewe kelele, na kalamu yake haikununulika. Lakini ilikuwa na meno kalamu ile, na mwenyewe aliyajua meno yake. Akimsifu mtu, watu walisoma wakaendelea na chai yao. Akimchambua mtu mpaka mfupa, kantini nzima ilisomeana kwa sauti, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Sikio aliyekaa pembeni na kikombe chake alijifanya hasikii. Alisikia. Siku hizo chai yake ilikuwa tamu zaidi, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe.

Sasa, mwaka mmoja aliingiwa na hasira na waimbaji wote kwa jumla. Kila kaseti iliyoingia stoo ilimchosha. Sauti zilikuwa nzito, ngoma zilikokota miguu, hata vijana wadogo kabisa waliimba utadhani wameamshwa kwa nguvu. Akaandika makala ndefu akiuliza nani amewapa usingizi waimbaji wetu. Barua za pongezi zikamiminika. Bosi akampiga bega, akamwambia, "Sikio, wewe peke yako ndiye unayesema ukweli katika nchi hii." Naye akaamini.

Mwezi wa tisa wa mwaka huohuo ikaja kaseti ya binti mmoja aliyejulikana kwa jina la Chiriku. Ilikuwa kaseti yake ya kwanza. Kwenye kava alikuwa ameandika kwa mkono anwani ya nyumbani kwao, kwa herufi za kushuka na kupanda, na chini yake: "Naomba maoni yako, mzee wangu. Nitayafuata." Sikio alijifungia nayo, akaisikiliza mara tatu. Ijumaa iliyofuata, ukurasa wa kumi na mbili ukasema hivi:

"Huyu dada anajiita Chiriku, lakini ndege huyo akimsikia atadai jina lake. Sauti ni nzito, inaburutwa kama gunia la mchanga, na kila noti inafika imechelewa na imechoka. Nimesikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa najikaza. Kama ana nia na kazi hii, apande juu na akaze mwendo. Akishindwa, awaachie wenye makoo."

Kantini ilicheka mpaka saa sita. Wale waliopenda utani walianza kuombana chumvi kwa sauti ya kukokota, "Nao-o-omba chu-u-umvi," na Sikio akatabasamu ndani ya kikombe.

Nyumbani, mkewe alisoma makala ile akiwa amesimama, akaiweka mezani, akaitazama tena.

"Huyu Chiriku ni yule aliyeimba kwenye harusi ya mtoto wa shemeji?" aliuliza.

"Sijui. Mimi siendi harusini kusikiliza muziki."

"Basi mimi nilikwenda. Aliimba mpaka nikasahau sahani mkononi. Sauti yake ilikuwa juu kule, nyepesi. Uzito huu umeutoa wapi?"

"Harusini watu wameshiba, mke wangu. Mtu aliyeshiba hana sikio."

"Haya," alisema mkewe, akachukua sahani zake. "Wewe ndiye mwenye sikio."

Yakaishia hapo. Miezi saba ikapita. Siku moja mashine ikatafuna kaseti ya mtu, ikaitoa matumbo, ikanyamaza kabisa. Sikio akaibeba kwapani mpaka kwa fundi wa redio, mzee mmoja mwembamba aliyefanya kazi chini ya ngazi za jengo la posta, na ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi. Fundi aliifungua, akachungulia, akacheka peke yake. Akatoa humo ndani kiraba cheusi cha mviringo, kile kinachozungusha kaseti, akakivuta kwa vidole viwili. Kililegea mithili ya soksi kuukuu.

"Mzee, hii mashine yako ilikuwa inasinzia," alisema.

"Inasinzia vipi?"

Fundi hakujibu kwa maneno. Alikuwa na kaseti yake ya kupimia, aliyoirekodi mwenyewe: mlio wa saa ya ukutani, milio sitini, basi. Akakirudisha kile kiraba kizee, akaigongagonga mashine mpaka ikakubali kuzunguka, akabonyeza, akaanza kutazama saa ya mkononi. Ti. Ti. Ti. Sikio alisimama akahesabu naye. Milio sitini ilipokwisha, sekunde zilikuwa zimefika sitini na tano.

"Umeona? Kila kitu humu kilitoka kimechelewa, na sauti imeshuka. Ukimweka mtoto anaimba, utamsikia mjomba wake."

"Tangu lini?" Sikio aliuliza.

"Aa, raba hailegei siku moja. Inalegea taratibu, na masikio yanazoea. Mwaka hivi. Labda na nusu." Fundi akakitupa kile kiraba kwenye kopo la takataka, akaweka kipya, akarudia kipimo, sitini kwa sitini. Kisha akaandika kijikaratasi na kukibandika tumboni mwa mashine, karibu na kibweta cha kuhifadhia waya wa umeme. "Nabandika tarehe, ili ukirudi kunigombeza nijue nilifanya nini lini," alisema, akacheka tena.

Sikio alirudi ofisini, akaingia stoo, akafunga mlango. Kaseti za mwaka mzima zilikuwa kwenye boksi chini ya meza. Hakuhitaji kuchagua, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kava lenye herufi za kushuka na kupanda. Akabonyeza.

Sikio hakuwa amewahi kumsikia binti aliyetoka mle ndani. Sauti ilikuwa nyembamba bila kuwa kali, ilipanda bila kujisukuma, ikageuka juu kabisa na kushuka ikicheka. Ngoma zilimkimbilia, yeye akawa mbele kidogo tu, akizichokoza. Sikio aliusikiliza wimbo wote, akaurudia, na mara ya pili aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Kumbe mkewe, na sahani yake mkononi, alikuwa amesikia vizuri kuliko yeye na miaka yake yote ya kazi. Alikuwa amekosea, na kukosea kwake hakukuwa kwa kusikiliza kidogo. Alisikiliza mara tatu, na mara zote tatu kwa mashine ile ile.

Jioni hiyohiyo aliandika masahihisho, nusu ukurasa, bila kujitetea. Akampelekea bosi. Bosi akasoma, akavua miwani.

"Unataka kuwaambia watu kwamba kwa mwaka mzima tumewahukumu wasanii kwa mashine mbovu?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Na wiki ijayo waziri tuliyemwandika atasema tulimsikia kwa mashine mbovu. Hapana, bwana. Binti mwenyewe ni mdogo, atakuwa ameshasahau. Akileta kaseti nyingine, msifu. Yaishe."

Sikio alichukua karatasi yake akatoka. Hapo ndipo penye kiini cha habari hii, na msomaji apatazame vizuri, maana yeye mwenyewe alipatazama miaka yote iliyofuata. Bosi alikuwa amemkataza gazeti. Hakuwa amemkataza miguu. Anwani ilikuwepo kwenye kava. Ilikuwa safari ya basi moja na matembezi kidogo. Akasema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo akaona aandike barua kwanza. Barua aliianza mara nne, na kila alipofika kwenye neno "mashine" aliona watu wa kantini wakimcheka, safari hii yeye ndiye gunia la mchanga. Akaikunja. Akajiambia kwamba binti yule, kama kweli ana kipaji, hawezi kuvunjwa na makala moja. Waandishi wote wakali hujiambia hivyo, na wengine hulala usingizi. Sikio hakuupata.

Maana kuanzia hapo sauti ilimwandama. Na si ile nzuri. Ile nzito, ya mashine inayosinzia, ndiyo iliyokuja. Ilimjia akinyoa, akisubiri maji yachemke, akiwa amekaa na mkewe sebuleni kimya mchana wa Jumapili: sauti inayoburuta, inayofika imechelewa, ikiimba maneno yaleyale. Alimuuliza mkewe kama amesikia kitu, mkewe akasema ni friji. Wakati mwingine ilikuwa friji kweli. Kilichomtisha zaidi ni kujua kwamba sauti ile haikuwa ya mtu yeyote. Koo lililoitoa halikuwepo duniani. Aliizalisha yeye na kiraba kilicholegea, kisha akaipa jina la binti wa watu.

Chiriku hakuleta kaseti nyingine. Sikio akawa mpole. Alimsifu kila aliyeimba na aliyekohoa, mpaka wasomaji wakaandika kuuliza kama sikio limeziba. Safu ikafupishwa, ikahamishwa ukurasa, ikafutwa. Siku ya kustaafu wenzake walimpa kadi kubwa na ile redio ya kaseti, iliyofungwa utepe mwekundu, kwa kuwa hakuna tena aliyeitumia. Walidhani wamempa kumbukumbu nzuri. Aliiweka uvunguni pamoja na ile kaseti moja, na utepe wake hakuufungua.

Ikawa miaka kumi na mmoja tangu siku ya fundi. Asubuhi moja, saa nne hivi, Sikio alikwenda kwa dobi mtaa wa tatu kutoka kwao kuchukua suti yake. Lilikuwa duka dogo lenye joto, nguo zimening'inia kwenye hanga mpaka darini, kila moja na tiketi yake imebanwa kwa pini. Mbele alisimama mama mmoja mnene mchangamfu, aliyepokea nguo na kupiga soga na kila mteja. Nyuma ya pazia mtu alikuwa akipiga pasi. Mvuke ulipanda, na pasi iligonga kibao chake, tah, tah.

"Suti ya kijivu, mzee wangu? Ipo, anamalizia koti," alisema yule mama.

Kutoka nyuma ya pazia mtu akauliza, "Kola hii niitie wanga?"

Nywele zilimsimama Sikio. Sauti ilikuwa nzito, ikiburuta, kila neno likifika limechelewa na limechoka. Ilikuwa ile ile. Lile koo ambalo halikuwepo duniani lilikuwa nyuma ya kitambaa cha maua, likiuliza habari za wanga.

"Usitie," yule mama alijibu, kisha akamwinamia Sikio kwa sauti ya siri. "Usishtuke, baba. Ni mdogo wangu, koo lake ndivyo lilivyo. Ukimwona alivyo mlimbwende hutaamini. Zamani alikuwa mwimbaji, walimwita Chiriku. Basi mwandishi mmoja, sijui alilala vibaya siku hiyo, akamwandika kwamba sauti yake nzito, apande juu, akaze mwendo. Mtoto akachukua yale maneno akayafanya dawa. Asubuhi na jioni anapanda, anapanda, anajisukuma. Mimi nasema pumzika, yeye anasema mzee amesema nipande. Ikapasukia jukwaani. Tangu siku hiyo ndiyo hiyo sauti unayoisikia."

Sikio alichukua koti akaondoka. Suruali aliisahau.

Nyumbani aliketi kitandani na kumweleza mkewe yote: mashine, kiraba, milio sitini, karatasi aliyoikataa bosi, barua nne. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo miaka yote hii ukiniuliza kama nimesikia kitu, ulikuwa unamsikia yeye," alisema.

"Nilikuwa namsikia mtu ambaye hayupo. Leo yupo."

Mkewe akalichukua koti, akalitundika. "Nilikuambia habari ya harusi."

"Uliniambia."

"Basi suruali yako nitaifuata mimi siku yoyote. Wewe nenda kafuate kilichokupeleka. Na ubebe hiyo mashine, maana kwa mdomo mtupu hawatakuamini."

Kesho yake mchana, wakati wateja wamepungua, Sikio aliingia kwa dobi na mashine mikononi. Alimwambia yule dada mkubwa kwamba yeye ndiye aliyeandika. Uchangamfu ukamtoka yule mama usoni. Alifungua pazia tu.

Chiriku alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amefunga kitambaa kichwani, mikono ina alama ndogo za kuungua. Alikuwa ananyoosha shati jeupe, na wakati wote Sikio alipokuwa akieleza, hakuacha. Alinyunyiza maji, akapitisha pasi, akageuza mkono wa shati, akapitisha tena. Sikio alieleza habari ya raba, na ya fundi na saa yake. Alisema sauti yake haikuwa na kasoro yoyote. Alisema maneno yale yalikuwa ya uongo ingawa hakukusudia kusema uongo, na kwamba amekuja kuomba radhi.

Chiriku alisimamisha pasi. "Kama ana nia na kazi hii," alisema polepole kwa sauti ile, "apande juu na akaze mwendo. Akishindwa, awaachie wenye makoo." Hakuruka neno. "Nilikuandikia kwamba nitayafuata maoni yako. Nilipanda, mzee."

"Najua. Nimeambiwa."

"Na haya ya mashine, umeyajua lini?"

Hakuwa amepanga kusema uongo. Alikuja na ukweli wote mkononi kama alivyobeba mashine. Lakini swali lile lilimkuta na woga wa zamani, ukamtangulia kujibu. "Si zamani sana," alisema. "Juzijuzi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akawa ameamini. Akasema anataka kuusikia wimbo, maana kaseti yake mwenyewe aliichoma moto. Dada yake akachomoa pasi ukutani ili wapate umeme. Chiriku akaichukua mashine, akatafuta waya wake, akauliza uko wapi, na kabla Sikio hajajibu akaipindua chali kwenye meza ya kupigia pasi, juu ya lile shati jeupe, ili afungue kibweta.

Kijikaratasi kilikuwa kimegeuka rangi ya chai, lakini fundi yule aliandika kwa wino mzuri. Chiriku aliinama akasoma kwa sauti. "Raba mpya. Sitini kwa sitini. Tarehe kumi na nne, mwezi wa nne." Akasoma na mwaka.

Akasoma tena, safari hii kimya, kidole kikipita chini ya tarakimu.

"Mwezi wa nne," alisema, "nilikuwa bado naimba."

"Koo lilipasuka mwezi wa tisa," alisema dada yake kutoka kwenye pazia. "Nilikuwepo. Alitema damu kwenye leso yangu."

Chiriku akahesabu kwa vidole: wa tano, wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Mkono mzima ukawa umefunguka. Akautazama.

"Bosi alikataa kuchapisha, nikaanza barua mara nne nikazikunja," Sikio alianza, akaisikia sauti yake mwenyewe, akaacha.

"Anwani yangu ilikuwa kwenye kava."

"Ilikuwepo."

"Dakika arobaini kwa basi. Ungekuja ukasimama mlangoni ukasema, binti, acha kupanda. Maneno matatu." Hakupandisha sauti, hakuwa na sauti ya kupandisha. "Ile makala ningekusamehe, mzee. Mtu anaweza kudanganywa na mashine. Lakini hii miezi mitano ulikuwa unasikia vizuri."

Machozi yalimlenga Sikio, akaona aibu hata kuyafuta, kana kwamba kufuta ni kuomba huruma. Chiriku alivuta waya, akaugeuza upande wake, akachomeka ukutani. Akaweka kaseti.

"Kaa kwenye stuli," alimwambia. "Tutasikiliza mara tatu. Si ndiyo kawaida yako?"

Mara ya kwanza wimbo ulipoanza, dada mkubwa aliziba mdomo kwa kanga yake. Binti wa miaka ishirini alijaa ndani ya chumba kile cha mvuke, mwepesi, akichokoza ngoma, akipanda na kucheka. Chiriku aliitazama spika kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani: kwa upole, bila kumdai chochote.

Mara ya pili akaingia mteja, kijana mwenye tiketi mkononi. Akatega sikio, akatingisha kichwa. "Nani huyu anaimba? Anajua huyu!"

"Ni mdogo wangu huyo hapo," alisema dada mkubwa.

Kijana akageuka kumtazama Chiriku. "Nguo zako kesho asubuhi," Chiriku alimwambia.

Kijana alisikia sauti ile, akacheka. "Mnanitania nyie," alisema, akatoka akiimba kiitikio.

Mara ya tatu, wimbo ulipofika ubeti wa pili, Sikio alisikia kitu kingine chini yake. Alidhani mashine imeanza kusinzia tena. Akainua macho. Chiriku alikuwa amefumba yake, viganja vyote viwili vimekaa juu ya shati jeupe, na alikuwa akiimba. Sauti nzito, inayoburuta, ikimfuata yule binti kwa nyuma, ikichelewa kila noti, ikikatika alipopanda na kumngojea chini mpaka arudi. Zile sauti mbili ambazo Sikio alikuwa amezichanganya zilikuwa sasa chumbani pamoja, kila moja mahali pake, na zote zilikuwa za mtu mmoja. Hakupata pa kuweka uso.

Kaseti ilifika mwisho, kitufe kikaruka. Bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka kumi na sita, mkono wa Sikio ulikuwa umeingia mfukoni na kutoa daftari na kalamu. Alipojiona alitaka kuvirudisha.

"Acha," alisema Chiriku. "Andika."

"Safu sina tena, dada yangu. Sijui kama watachapisha."

"Hilo utalihangaikia wewe, ukipanda na kushuka ngazi zao. Mimi nataka uandike kama ulivyoandika ile, na jina lako chini. Mashine, fundi, bosi, barua ulizozikunja. Nami nitaisoma kwanza."

"Nianzie wapi?"

"Anza na tarehe."

Sikio aliweka daftari gotini, akaandika: tarehe kumi na nne, mwezi wa nne. Herufi zilishuka na kupanda. Chiriku alizunguka meza, akasimama begani pake, akasoma, akamwambia kwa sauti ile kwamba amesahau mwaka.